Kalunguyeye Aliyetangazwa Kufa

Haya, sikieni! Kalunguyeye alirudi kutoka safari ya siku tisa akakuta matanga yake mwenyewe. Chiriku alikuwa ametangaza kifo chake kwenye kila tawi, na jirani yake Nguchiro alikuwa anapima shamba la viazi la marehemu.

"Jamani, mimi hapa, mzima!" Kalunguyeye alipiga kelele.

"Habari imeshaenea pori zima," Nguchiro alimjibu. "Anayebisha ni wewe peke yako."

"Na sisi tumeshalia," waombolezaji wakadakia, "na pilau tumeshakula."

Kalunguyeye aliona shamba linamponyoka. Ghafla akaacha kubisha. Akasimamisha miiba yake yote, akanguruma: "Kweli, nimekufa! Mimi ni mzimu, nimekuja kumchukua anayekanyaga viazi vyangu!"

Lo! Nguchiro alitimka bila kutazama nyuma, na waombolezaji wakakumbana vichakani.

Jioni Chiriku alirudi, akamwona akichimba viazi, akajua si mzimu. "Nisamehe, mzee wangu. Niruhusu nitangaze sasa hivi kwamba u hai."

"Utatangaza," alisema Kalunguyeye, akichimba kwa furaha, "nikishamaliza kuvuna."