Kilomita Ishirini kwa Saa

Mzee Senkoro hakuwa na cheti cha shule ya mchana, hakuwa na mtoto wa kiume, wala meno ya nyuma. Tangu atimize miaka sabini, hakuwa hata na ruhusa ya kuchagua mwendo wa pikipiki yake. Kisheria, mwendo wa mzee huamuliwa na mtoto wake, na binti yake Nakijwa alikuwa ameifunga kompyuta ya injini isizidi kilomita ishirini kwa saa.

“Jana muuza maziwa alinipita na baiskeli,” alimwambia kwa simu. “Akanipungia mkono.”

“Bora akupungie, baba, kuliko akuzike.”

Kompyuta za injini mzee alijifunza katika masomo ya usiku, akiwa na miaka hamsini na minane. Asubuhi ile aliunganisha waya kwenye kompyuta ya pikipiki, akaongeza mafuta, akawahisha cheche ya plagi ili injini ivute zaidi, akaondoa kikomo. Injini ikanguruma kama zamani. Kisha kioo cha kompyuta kikaandika: Kosa hili litahesabiwa kwa msimamizi wako, Nakijwa Senkoro, muuguzi. Utaendelea?

Muuguzi mwenye kosa hufukuzwa kazi. Mzee aliondoa kidole kwenye kitufe, akarudisha ishirini.

Akachukua karatasi, akamwandikia mtoto aliyefundishwa na yeye mwenyewe kuendesha pikipiki: “Mheshimiwa Msimamizi, naomba unifikirie kilomita tano zaidi.” Akalamba gundi, akafunga bahasha, akaipeleka posta kwa miguu, asije akapitwa tena na baiskeli akiwa juu ya pikipiki.