Barafu ya Inchi Kumi na Tano

Haya ni kweli tupu, naapa, sijatia chumvi hata punje.

Arlys, mstaafu aliyejifundisha mwenyewe kutengeneza tovuti, alikuwa akitazama maji yakichuruzika kutoka kwenye paa. Mvua ilikuwa imeyeyusha theluji tangu asubuhi, lakini tovuti yake ilishikilia kwamba barafu ya ziwa ina unene wa inchi kumi na tano, kama jana.

Akafungua programu inayoendesha tovuti. Ukurasa wa barafu haujitafutii habari. Hukabidhiwa huduma ya data, yaani kijiprogramu cha kuuletea vipimo, programu inapoanza kazi. Naye Arlys alikuwa ameukabidhi ile huduma bandia ya majaribio, isiyojua kujibu ila kumi na tano.

Akabadilisha mstari mmoja. Kipimo halisi kikaja: inchi tano, zisizoweza kubeba gari.

Akampigia simu mumewe, aliyekwenda kuvua. "Uko wapi, mzee?"

"Ukingoni mwa ziwa, gari linanguruma. Kwa barafu yako hii hata tembo anapita!"

"Usiingie! Hiyo namba nimeitunga mimi."

Injini ikazimwa.

"Si wewe uliyewaapia wavuvi kwamba tovuti yako haijui uongo? Wamepanga foleni nyuma yangu, bibie. Waambie mwenyewe."

"Haya," akasema Arlys, "weka simu kwenye spika wanisikie."