Deraya ya Mzee Ngwali

Shujaa wa ukoo wa Wangwali hakuzikwa na aliyoyajua. Kumbukumbu zake zilibaki ndani ya deraya yake, vazi lake la chuma la vitani, na kijana aliyeivaa baada yake alizirithi zote. Ndiyo maana ukoo huo haukuwahi kushindwa vitani.

Binti aitwaye Sikudhani alivishwa deraya ya Mzee Ngwali, babu wa mama yake, akiwa na miaka kumi na tisa. Mama yake, Mashavu, ndiye aliyemfunga mikanda huku akipiga vigelegele. Wazee walimwambia Mashavu kwamba binti angebadilika kidogo tu.

Miezi minane baadaye Sikudhani alirudi nyumbani likizo kutoka vitani. Mashavu alimpikia mkate wa kumimina, aliokuwa akiupenda tangu utotoni. Binti alimega kipande, akakirudisha sahanini.

“Vitamu vinanichoma meno. Huna kahawa?”

“Lini umeanza kunywa kahawa, mwanangu?”

Sikudhani alimtazama kwa upole. “Umekua, mjukuu wangu. Nilipokupakata mara ya mwisho ulikuwa hujaota jino.”

Mashavu alimshika mabega akamtikisa. “Siku! Mimi ni mama yako. Niite mama, mara moja tu!”

Binti alifungua mdomo. Alilitafuta neno lile kwa muda mrefu, jasho likimtoka, asilipate.

Mashavu alimwachilia. Aliingia jikoni, akalia mpaka sauti ikamkauka, kisha akapika kahawa na kumpelekea kwa mikono miwili.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu,” ikajibu sauti ya mtoto aliyemzaa mwenyewe.