Kisigino cha Kulia

Vipimo vyote vilitoka safi, lakini mguu wa kulia wa dereva wa lori ulikuwa umelala kama gogo tangu siku ambayo, kwa maneno yake, breki zilikataa, akamgonga mama mmoja aliyekuwa akivuka barabara. Mashemeji walishaanza kunong'ona kuwa anajifanya.

Daktari aliingiza kiganja chini ya kisigino cha mguu huo. "Haya, kaka, inua wa kushoto."

Alipouinua, kisigino cha kulia kikashuka chenyewe, kikakibana kiganja kwenye godoro.

"Unaona? Mguu ni mzima, na wala hujifanyi. Usipouwaza unakandamiza; ukiuamuru, umegoma tu kukusikia."

Dereva alikitazama kisigino kikikanyaga, kikikanyaga kwa nguvu zote, machozi yakamlengalenga.

"Breki zilikuwa nzima, daktari," alisema. "Ni mimi sikukanyaga."