Kidole Chenye Chaki

Mwalimu Asteria ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kuendesha kundi la darasa kwenye simu, na mkuu wa shule alikaa ubavuni mwake akichungulia kila jina lililoomba kuingia. Likatokea jina la Nasra, aliyefukuzwa shule kwa ujauzito. Picha aliyoweka ilikuwa unyayo wa kichanga.

"Huyo mkatae," mkuu alisema.

Asteria akagusa palipoandikwa "Kubali". Simu haikuitika, kidole kilikuwa kimejaa chaki.

"Mwalimu, umenisikia?"

"Nimekusikia, Mkuu."

Akakifuta kidole kwenye gauni, bila haraka, akakirudisha palepale. Mkuu alikuwa ameshanyoosha mkono kuichukua simu. Kwenye kioo, vumbi jeupe lilikuwa limeufunika ule unyayo mdogo, vidole tu vikichomoza.