Mtoto wa Saa Moja

Mwanamke aliyebisha hodi alikuwa Sista Eliwaza, aliyeitibu familia ya Namkunda miaka kumi na tisa, lakini alimwamkia mama huyo kama mtu asiyemjua. Muuguzi akistaafu hufutiwa akilini kumbukumbu za wagonjwa wake wote, hata wa nyumbani kwake, akaachiwa moja aichaguayo.

"Namtafuta mama wa mtoto aliyeishi saa moja. Nilimwahidi sitamwacha amkumbuke peke yake."

"Ndimi, Sista. Karibu."

Eliwaza aliketi. "Wanasema nilikuwa na mume, nikamuuguza mpaka mwisho. Ulimjua?"

"Nilimjua. Ukichelewa kwetu, alikuwa akikusubiri pale nje na mwavuli."

Eliwaza aliitikia kwa adabu, kama anayesikia habari za jirani.

"Haya, mama," alisema, "tumzungumzie mtoto."