Chumvi ya Babu

Duka la viatu halimwajiri kijana ambaye nyumbani kwao kuna mtu anayekumbuka kosa lake hata moja. Ndiyo sheria, na sheria, kama uji wa bweni, haiulizwi imepikwaje. Basi Zawena, mwombaji mtukufu wa kazi ya Jumamosi, aliketi na bibi yake mbele ya fomu iliyoorodhesha makosa yake yote. Kila kosa Bibi alilibonyeza kwa kidole gumba, likamtoka kichwani.

Likabaki moja: chumvi aliyoitia kwenye chai ya marehemu babu.

"Hili tuliache, Bibi."

"Kazi huitaki, mke mwenzangu? Mume wetu alicheka mpaka akatoa machozi, na hakucheka tena vile hadi tunamzika. Lakini kumbukumbu hazipikwi zikalika."

Akabonyeza. Fomu ikakubaliwa.

Bibi akainua macho kwenye picha ukutani. Babu ameshika kikombe, mdomo wazi, machozi mashavuni.

"Mke mwenzangu, nani alimliza mume wetu hivi?"

Zawena akafumbua mdomo. Akilitaja kosa lile, Bibi atalijua upya, na kazi itapotea.

"Sijui, Bibi."

Bibi akaigeuza picha, ikatazama ukuta.